Amplifaya ya Mzee Shee na Moshi wa Ijumaa

Kwenu nyinyi mnaokaa leo mbele ya meza zenye taa nyeupe, mkifungua simu kwa bisibisi nyembamba kama sindano: sina nia ya kuwaambia kwamba kazi yetu ilikuwa bora kuliko yenu. Wazee wengi husema hivyo, na wengi wao hawajawahi kuijaribu kazi yenu. Mimi nimeijaribu. Mkono wangu unatetemeka, na macho yangu hayaioni tena risasi ya kulehemu inapoyeyuka. Nitakachowaeleza ni kile nilichokiona mwenyewe. Pale nilipoambiwa na mtu, nitamtaja aliyeniambia, ili mjue uzito wa kukipa.

Kwanza mkijue kitu chenyewe. Kabla ya hivyo vipande vyeusi vyenye miguu mingi mnavyovijua, nguvu ya redio ilitoka katika chupa za kioo. Vitabuni ziliitwa valvu. Mitaani Malindi watu walisema taa, kwa kuwa ziliwaka. Ukiiwasha mashine, haifanyi lolote. Unasubiri. Kisha, ndani kabisa ya kioo, waya mwembamba unaanza kuwa mwekundu, halafu unageuka rangi ya chungwa, na joto lenye harufu ya vumbi na vanishi linakufikia usoni polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala karibu nawe. Nimekaa mbele ya mwanga huo sehemu kubwa ya maisha yangu. Mpaka sasa, nikisinzia baada ya chakula cha mchana, nauona, na nikizinduka najiuliza ni mashine ya nani niliyoiacha ikiwaka.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Tsuma, fundi mkuu wa karakana niliyoanzia kazi kule Mombasa, mtu mfupi wa kaptura iliyopigwa pasi, ambaye sikumbuki kumwona akicheka. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni Kaloleni na vyeti vyangu ndani ya bahasha, nikidhani ataviomba. Hakuviomba. Alinitazama suruali.

"Mfuko wako wa kushoto mdogo," akasema. "Mpelekee mshonaji aupanue."

"Kwa nini, Bwana?"

"Mkono wako utakaa humo miaka thelathini. Lazima ustarehe."

Nilidhani ananikejeli. Sivyo. Umeme ulio ndani ya amplifaya ya valvu, mashine ya kuongeza nguvu ya mawimbi, si ule wa betri zenu. Ni maelfu ya volti, nao ukiingia kwa mkono mmoja ukatokea kwa mwingine, umepita moyoni. Kwa hiyo ukipima, mkono mmoja ushike mita na wa pili ukae mfukoni. Na kabla ya kugusa chochote, hata kama umezima na kuchomoa, uchukue fimbo yenye waya uliofungwa kwenye ardhi, uguse kila mahali panapoweza kuhifadhi umeme. Kapasita kubwa hubaki na umeme wake muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Nimewahi kuona fimbo ikitoa cheche kwenye mashine iliyozimwa tangu asubuhi.

Sheria ya pili ya Bwana Tsuma ilikuwa hii: mtu akikuambia kilichoharibika, mshukuru, kisha upime kana kwamba hakusema neno. Sheria hii niliivunja mara mbili. Ya kwanza ilinigharimu miguu tu. Niliambiwa redio ya zahanati moja huko Ganze imekufa betri. Nikabeba betri mbili za gari, moja kila mkono, kutoka barabara kuu, jua la saa sita, njia ya vumbi isiyo na kivuli, nikipumzika kila baada ya miti mitatu. Nilipofika nikakuta waya mmoja umechomoka. Muuguzi aliyenipokea akanipa maji ya kunywa, kikombe kimoja, maana maji yenyewe yalikuwa ya kupimiana, akanitazama mimi, akatazama betri, akasema, "Pole. Utazirudisha mwenyewe?" Nilizirudisha mwenyewe.

Mara ya pili ndiyo niliyokusudia kuiandika.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa na karakana yangu nyuma ya soko la Malindi, nikitengeneza redio za hoteli za Bofa na za wavuvi wenye mashua za injini. Katika mji wa kale aliishi Mzee Shee, mtu wa asili ya Amu, yaani Lamu, mstaafu wa ofisi ya simu za maandishi. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani alirusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila biashara wala matangazo. Kituo chake kilikuwa chumba cha juu chenye madirisha mawili, meza moja ya mvule, kitabu cha kumbukumbu za mawasiliano, na waya mrefu uliotoka dirishani hadi kwenye mlingoti juu ya dari.

Mzee Shee hakuzungumza na dunia nzima kama wenzake wa ridhaa. Alizungumza na mdogo wake, Omari. Wawili hao walijifunza Morse pamoja wakiwa vijana, ofisi moja, benchi moja. Omari alihamia Maskati na huko naye akapata leseni. Kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, walikutana hewani kwa nukta na vistari, kwa Kiswahili cha kwao. Na kila Ijumaa Omari alianza kwa swali lile lile: "Leo mmefukiza nini?" Maana nyumba ya Mzee Shee, kama nyumba nyingi za mji ule, ilifukizwa udi na ubani kila Ijumaa, na mdogo mtu alitaka kujua harufu ya kwao siku hiyo ni ipi. Mzee Shee akishajibu, ndipo mazungumzo yalipoanza.

Halafu Omari akapigwa na kiharusi. Ulimi ukawa mzito, maneno hayakutoka. Simu ya kawaida ikawa haina maana kwake. Mkono wa kulia ulibaki salama. Mwanawe alimchukua akae naye ghorofani, na antena yake ikawa kipande cha waya kilichofungwa kwenye chuma cha dirisha, katikati ya kelele za umeme wa mji. Malindi ilikuwa kimya hewani, kwa hiyo Mzee Shee alimsikia Omari hata akipiga kwa unyonge. Lakini Omari hakuweza kumsikia kaka yake ila kwa nguvu ya amplifaya. Amplifaya hiyo ilikuwa na valvu moja kubwa, saizi ya chupa ya chai. Bila yake, mmoja alikuwa anasema na mwingine hasikii.

Nayo ndiyo iliyoharibika.

Niliitwa siku ya Jumatano. Nikamkuta Mzee amekaa kwa kikoi na kofia, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kahindi. Kaa. Ijumaa iliyopita ilipiga *pa!* ikafa. Fundi mmoja wa kutoka mjini alipita jana, akaitazama. Asema taa imekufa."

"Aliipima?"

"Aliitazama."

Hapo, wanangu, ndipo nilipopaswa kuushusha mkoba wangu na kutoa mita. Sikutoa. Ijumaa ilikuwa karibu, nami nilitaka kuwa mtu aliyeimaliza kazi siku moja. Nikauliza kama kuna valvu ya akiba. Mzee Shee akainuka, akaleta kopo la halua lililofungwa kwa kitambaa. Ndani, katikati ya pamba, ilikuwapo valvu mpya, imelala humo miaka mingi bila kuguswa.

Jueni hili, hata kama hamtawahi kuishika valvu. Iliyolala muda mrefu hutoa gesi kidogo ndani ya kioo chake. Yataka kupashwa moto kwa waya wake wa ndani pekee, siku nzima au zaidi, bila volti kubwa, ili gesi ile inyonywe. Mimi niliipa nusu saa. Kisha nikafungulia umeme mkali.

Chupa yote ikajaa zambarau. Haikutoa sauti. Ilikuwa rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona ndani ya kioo. Ilitanda juu ya ukuta mweupe wa chumba, ikapita kwenye kofia ya Mzee, ikafika hadi kwenye boriti.

"Rangi nzuri," akasema Mzee Shee.

"Ndiyo, Mzee," nikajibu. "Ndiyo rangi ya valvu inayokufa."

Hakunigombeza. Alilichukua lile kopo, akaipanga pamba yake vizuri, akalifunika. Ingekuwa heri angenigombeza. Niliirudisha ile ya zamani, iliyosemwa imekufa, nikaipima hatimaye. Ilikuwa hai, nzima, na nguvu zake kamili. Sasa tulikuwa na valvu moja tu, na hitilafu yenyewe nilikuwa bado sijaijua.

Ijumaa ile nilikuwapo. Siwezi kukisahau chumba kile saa ya alasiri: sakafu imepigwa deki na bado ina unyevu, pazia linavimba na kunywea, moshi wa udi umening'inia kwa matabaka katika mwanga wa dirisha kiasi kwamba Mzee Shee alionekana kama amekaa chini ya maji. Kwenye spika, mvumo wa hewa tupu, mrefu, usio na mwisho. Halafu ndani ya mvumo ule, mbali, ikatoka sauti nyembamba: Omari anaita.

Mzee akajibu. Dakika moja ilikwenda vyema. Kisha, *pa!* Fyuzi ikakatika. Nikatia nyingine. *Pa!* tena. Nikazima, nikasimama mbele ya mashine.

"Hapana tena, Mzee. Tukiendelea tutaiua na hii."

Akajaribu kwa redio yake ndogo, bila amplifaya. Omari hakusikia. Tukakaa, tukamsikiliza akiita. Mimi Morse sikuijua vizuri. Mzee alinifasiria kwa sauti ya chini, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye kidirisha cha redio.

"Asema: Shee, upo? Asema: sikusikii. Asema: kama wanisikia... Ijumaa ijayo niko. Jumamosi naingia hospitali. Watanipasua kichwa. Asema..." Akaisogelea spika. "Asema, leo mmefukiza nini."

Kibonyezo kilikuwa chini ya kidole chake, na hakukibonyeza, kwa kuwa hakukuwa na faida.

Niliibeba mashine hadi karakana siku ya Jumamosi. Sikufanya kazi nyingine wiki ile. Nilipima kila kapasita, kila rezista, kila uzi wa transfoma. Nikafunga balbu za nyumbani mahali pa antena ili nguvu ipate pa kwenda, nikaifungulia yote. Balbu zikawaka nyeupe hadi kuumiza macho, na mashine haikukohoa. Jumapili hivyo. Jumatatu hivyo. Kuna upweke wa namna yake katika kukaa na mashine nzima inayodaiwa kuwa mbovu. Unaanza kusinzia mbele yake na kuota kwamba umeipata hitilafu, ukizinduka umeshika bisibisi na hujui ulikuwa unakwenda kufungua nini.

Jumanne alipita Kassim, jirani yake Mzee Shee, mtu mwema mwenye duka la vitambaa na habari za kila mtu.

"Bwana fundi, unajichosha bure. Ile mashine ina jini."

"Umeliona?"

"Watu wamesema."

"Watu gani?"

"Ah! Watu tu, bwana."

"Basi waambie hao watu tu waje wanishikie mita."

Akacheka, hakuudhika. "Wewe cheka na vyuma vyako. Lakini niambie, mbona siku zote ni nzima na Ijumaa peke yake ndiyo inapiga kelele? Hilo si jini la Ijumaa?"

Alipoondoka nikabaki nimeshika kalamu. Katika maneno yake yote palikuwa na jambo moja linaloweza kupimwa. Ijumaa. Nilikuwa nimelidharau kwa sababu lilikuja pamoja na jini. Hilo ni kosa vilevile, vijana, na wasomi ndio tunaolifanya zaidi: kutupa kipimo kwa sababu hatumpendi aliyekileta.

Alhamisi asubuhi niliirudisha mashine kwenye meza yake ya mvule, nikaiwasha pale pale kwa nguvu zote. Nzima. Nikaizima, nikashuka ngazi kumtafuta Bi. Maryamu, mke wa Mzee Shee. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, naomba unieleze. Ijumaa mnafanya nini katika chumba cha redio?"

"Swali gani hilo, baba? Twafagia, twapiga deki, twafukiza."

"Chetezo cha kufukizia mnakiweka wapi?"

Akauacha mchele. "Zamani mlangoni. Sasa chini ya meza."

"Tangu lini?"

"Tangu shemeji yangu apate maradhi." Akazungusha ungo mikononi mwake. "Kile kichuma kina feni, sivyo? Yavuta hewa kutoka chini. Nikasema, Omari hawezi tena kusema, wala hawezi kuja. Basi moshi uingie mle, upande na maneno, harufu ya kwao imfikie. Na walipoanza kusema kuna jini, nikazidisha ubani."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya mashine zile, na hakuna hata kimoja kilichoandika habari ya mtu kutia mapenzi yake kupitia tundu la feni.

"Mama," nikasema, "nakuomba ufukize sasa hivi. Kama Ijumaa."

"Leo Alhamisi."

"Mashine haijui."

Akapiga deki, akaleta makaa, akaweka chetezo mahali pake chini ya meza. Moshi ukapanda, ukanyooka, ukaingia kwenye mashine kama uzi kwenye tundu la sindano. Sasa nilihitaji giza, na ilikuwa saa nne ya asubuhi. Kifuniko cha amplifaya hakifunguliwi umeme ukiwa ndani, lakini kilikuwa na wavu wa kupitishia hewa ambao mtu aweza kuchungulia kwa mbali.

"Mama, una nguo nyeusi kubwa?"

Akaleta buibui lake la zamani. Nikajifunika nalo, mimi na mashine pamoja, mkono wangu wa kushoto mfukoni. Nikasikia mlango ukifunguka, na sauti ya Mzee Shee: "Maryamu! Huyo ni nani amevaa buibui lako?"

"Fundi."

"Kahindi? Ana nini?"

"Atafuta jini."

Nilitamani kumsahihisha, lakini nilikuwa nimeanza kuona. Chini ya ile nguo, ndani ya harufu ya udi na mafuta ya nywele na vumbi la moto, dunia ilikuwa imepungua hadi kufikia chupa moja ya kioo. Waya wa rangi ya chungwa. Kwenye ukuta wa kioo, buluu hafifu kama ya pindo la moto wa kibiriti. Hiyo ni kawaida, isiwatishe kamwe. Inayotisha ni zambarau iliyojaa, ile niliyoisababisha mimi. Nikamwambia Mzee abonyeze, kwa nguvu ndogo. Akabonyeza. Na kando ya valvu, kwenye nguzo ya kauri inayoshika koili ya waya, nikaona uzi mwembamba wa mwanga ukitambaa kutoka juu kwenda chini, ukikatika, ukiungana, ukitafuta njia. Ulikuwa mzuri na wa kimya. Kila alipobonyeza ulishuka kidogo zaidi. Ungefika chini, tungeisikia *pa!*

"Acha, Mzee. Nimeiona."

Nikazima, nikachomoa, nikagusa fimbo ya ardhi kila mahali, nikafungua. Nikachukua pamba nyeupe yenye spiriti, nikaifuta ile nguzo. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikampa Bi. Maryamu ainuse.

"Udi," akasema.

Utando wa moshi ulikuwa umeganda juu ya kila kauri, Ijumaa baada ya Ijumaa, ukashika chumvi ya hewa yetu ya pwani, na siku ya deki ukanyonya unyevu. Kwenye utando ule umeme mkali ulijipatia njia. Kule karakana, chini ya bati la moto, utando ulikauka na njia ikafungika. Ndiyo sababu mita zangu hazikuona kitu. Nilikuwa nimeitoa mashine katika maradhi yake ili nikaitibu, jambo ambalo nawasihi msilifanye. Kipimeni kitu mahali kinapoumwa, saa kinapoumwa.

Nilisafisha mchana kutwa. Ile nguzo ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Niliikwangua kwa msasa laini hadi weupe ukarudi. Nilipomaliza nikamwambia Bi. Maryamu kwa maneno niliyoyachagua kwa adabu kwamba chetezo kisiingie tena katika chumba kile.

"Hata kesho?"

"Hasa kesho, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Uso wake sikuutazama.

Ijumaa, baada ya alasiri, Mzee Shee aliketi. Valvu ikapata rangi yake. Omari akaita, na kaka yake akajibu, na amplifaya ikabeba. Tukasubiri. Ndipo sauti ile nyembamba ikarudi, na nikaona bega la Mzee likishuka.

"Asema anisikia kama niko chumba cha pili." Kisha akacheka, na kunitazama. "Auliza leo mmefukiza nini."

Bi. Maryamu alikuwa amesimama nje ya dirisha, kwenye roshani, chetezo mkononi, upande ambao upepo uliupeleka moshi mbali nasi. Mzee akabonyeza, akinisomea alichoandika: *Udi. Lakini nje. Fundi amekataa ndani.*

Jibu likaja upesi.

"Asema mwambie fundi ana roho ya chuma."

"Mwambie ni kauri," nikasema. Na akamwambia.

Walizungumza hadi jua likaacha dirisha la kwanza likaingia la pili. Mengi hakunifasiria, nami sikuuliza. Nilikaa nikiitazama ile nguzo kupitia wavu, mkono mfukoni, nikisubiri uzi wa mwanga ambao haukutokea. Watu wa Morse wana desturi ya kuagana kwa nukta mbili fupi. Mmoja hupiga, mwenzake humrudishia. Omari alipiga zake mbili. Mzee Shee akapiga moja, akaondoa mkono.

"Ya pili nitampa Ijumaa ijayo," akasema.

Ijumaa iliyofuata hewa ilikuwa tupu. Na iliyofuata hiyo. Ya tatu niliitwa tena. Bi. Maryamu alinipokea mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba barua ya mtoto wa Omari imefika Jumatano, kwamba Omari hakuamka baada ya kupasuliwa, na kwamba barua hiyo aliyeisoma ni Mzee mwenyewe.

Nikapanda ngazi. Mzee Shee alikuwa mbele ya meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mashine mbovu tena, Kahindi. Haitoki kitu. Ipime."

Nikatoa mita. Nikapima volti ya juu, nikapima mkondo wa valvu, nikafungua, nikapitisha pamba kwenye kila kauri, ikatoka nyeupe. Sijawahi katika maisha yangu ya kazi kutamani kuikuta hitilafu kama nilivyotamani siku ile. Waya mmoja tu uliochomoka. Kitu kama cha Ganze.

"Mashine ni nzima, Mzee."

"Pima tena."

Nikapima tena, kila kitu, tangu mwanzo, bila kuruka. Alikuwa akinitazama mkono.

"Ni nzima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaiwasha. Tukasubiri ile rangi. Kwenye spika mvumo ukajaa chumbani, ule ule, mrefu. Bi. Maryamu akaingia akiwa amebeba chetezo kinachofuka, akasimama kizingitini, akanitazama mimi, si mumewe.

"Fundi?"

"Kiweke mahali pake, mama," nikasema.

Akainama, akakiweka chini ya meza. Moshi ukapanda na feni ikauvuta, ukapita kwenye koili na kauri zangu nilizozisugua, ukazunguka kioo. Mzee Shee akashusha kidole, akapiga nukta moja.

Jumatatu nilirudi na pamba na spiriti, nikasafisha. Na kila Jumatatu baada ya hapo, maadamu Mzee alikuwa hai.